Bunduki Ndefu Inayosifiwa Bure

Mafinga, Jumanne

Na bado nasema ni nzuri kwa macho. Shida ni kwamba kila anayecheza ule mchezo wa vita wa kwenye simu anaisifu, nami nikaamini: ndefu, ina darubini, ikilia bonde zima linasikia. Wiki nzima nimeibeba, sijampata hata adui mmoja.

Leo jioni tumecheza tena, mimi hapa kwenye kiwanda changu cha mbao, binti yangu Neema na rafiki yake Upendo wakiwa chuoni Mbeya. Nikamlenga mtu aliyesimama wima. Risasi tano zote zikapiga mti, kama vile bado nipo kazini. Akageuka, akanimaliza.

Upendo akasema simuni, "Neema, Jumamosi kwenye mashindano tutafute mwingine. Mzee anatuangusha."

Niliogopa, sifichi. Nikimpigia Neema kawaida hunijibu, "Nipo salama, baba," basi. Tukicheza huongea saa nzima.

Neema akauliza, "Baba, ule msumeno mkubwa ulionunua kwa sababu ya mngurumo uko wapi?"

Uko stoo. Anajua uko stoo. Mbao zote napasua kwa ule mdogo.

Raundi iliyofuata nikaokota kibunduki kifupi kisichosifiwa na mtu, nikajibanza nyuma ya mlango. Wa kwanza kuingia, chini. Wa pili, chini.

"Haya mzee, Jumamosi usichelewe," Upendo akasema.

Neema akaanza kunisimulia mtihani unaomnyima usingizi. Nikasimama katikati ya uwanja kumsikiliza, nikapigwa risasi. Sikuona hasara.