Mngurumo wa Pikapu Yangu Unamhamisha Jirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimejiharibia mwenyewe. Mimi ni Mkenya, nauza samaki hapa Bukoto tangu mwaka juzi, vita vya huku vilipokwisha, na nina pikapu kuukuu iliyotoboka bomba la moshi, inanguruma na mara nyingine inalia kama risasi, fundi aliniambia tubadilishe sailensa nikakataa kwa sababu wateja wakiisikia tu wanatoka na masufuria, nikaona hilo ni tangazo la bure. Ninayepakana naye ukuta ni Bi Kaltumi, mama mtu mzima asiye na mume, na kila nikirudi alikuwa akiuliza dirishani, "Nani huyo amekuja?" na mimi kwa mzaha wangu wa kijinga jioni moja nikamjibu, "Wanajeshi, mama." Akafunga dirisha. Baadaye binti yake Farhana akanigongea, akasema mama ameingia chini ya kitanda na hataki kutoka.

"Wakati wa panda gari, ile misako ya kusomba watu, wanajeshi walipakia muzee yetu kwa pikapu ya kelele namna hii," akaniambia. "Hatujamuona tena. Kwani wewe hukujua?"

Haki ya Mungu sikujua, mshauri. Sasa wanahamia Mulago kwa ndugu zao wiki hii, na mimi naona haya hata kumsalimu. Nimpelekee samaki, au nihame kimyakimya? Najuta sana.

Ochola, Bukoto

Ochola, pole, ila pole kubwa naipeleka kwa mama. Hukujua, sawa, hukuwepo tulipokuwa tukisombwa mitaani. Lakini mtu anakuuliza kila siku ni nani amekuja, nawe hukuwahi kumuuliza ana nini? Na fundi alishakuambia, ukatanguliza biashara.

Pikapu hiyo isiwashwe tena pale. Isukumwe mpaka barabarani, ivutwe hadi gereji, ibadilishwe sailensa na bomba lichomelewe. Wateja wapigie kengele. Kisha nenda kwa Bi Kaltumi mchana, Farhana akiwepo, upige hodi na kutaja jina lako. Samaki waache kwanza. Mwambie umekosa, wala usianze kujitetea kwamba ulikuwa unatania. Akitaka kukusimulia habari za mumewe, kaa chini umsikilize mpaka amalize, hata kama samaki wanaoza.

Akikubali kubaki, mshukuru Mungu. Akisema hawezi tena kulala karibu na gari hilo, wewe ndiye ufungashe. Mama huyo alishanyang'anywa mume, asinyang'anywe nyumba pia.