Masaa kumi na tano ya Yaya

Mjini Baraka, Alhamisi usiku

Eti masaa kumi na tano! Yaya Asukulu, ndugu yangu mukubwa, ameyasoma kwenye simu yake kule Kanada: Toronto mpaka Bujumbura, kilometa karibu elfu kumi na mbili, masaa kumi na tano ya ndege.

"Munigojee," akasema. "Mi ndiye mutoto wa kwanza. Ni mi natupa udongo wa kwanza juu ya mama."

Kwetu ndivyo ilivyo. Hilo simkatalii.

Lakini simu imehesabu kama vile ndege inatoka kule na kuja moja kwa moja. Ndege ya namna hiyo haiko. Atabadilisha ndege njiani, atalala Adisi, na tiketi yenyewe bado hajaipata. Halafu kutoka Bujumbura avuke mpaka aje huku, akute njia ya Mboko imekatwa na maji.

Mama amelala chumbani tangu jana asubuhi. Hapa hakuna mahali pa baridi pa kuweka maiti. Leo mutoto wangu Neema ameniuliza habari ya bibi yake, "Mama, juu ya nini koko ananuka?"

Nikatoka nyuma ya nyumba, nikampigia Yaya.

"Tunamuzika kesho."

"Bila mi? We uko nani?"

"Mi niko mwenye alimuosha."

Akakata simu. Nimempigia tena, hapokei.

Kesho kaburini watauliza nani anaanza. Mi ndiye namufuata Yaya kuzaliwa. Naogopa hatanisemesha tena maisha yote, lakini nitainama, nitachota udongo, nitatupa.