Rangi Juu ya Alama za Maji

Ahero, Jumanne, 1970

Amezipaka rangi! Zile alama zote za mafuriko, ambazo Mhindi mwenye duka alizichora ukutani kwa msumari kila mara mto Nyando ulipoingia ndani, leo zimefunikwa. Ya juu kabisa ilinifika kiunoni.

Miaka yote niliyoshona nguo kwenye baraza ya jengo lile, Mhindi hakuwahi kuweka gunia chini ya alama ile. Huyu Okelo, aliyelinunua mwezi uliopita, amepanga sukari na unga sakafuni mpaka mlangoni.

Nilimwambia, "Bwana Okelo, ukuta huu unayajua maji."

Akanicheka mbele ya wateja. "Fundi, wewe shona nguo. Uchafu wa Mhindi siutaki kwa duka yangu."

Uchafu! Mtu wa juzi tu.

Jioni milima ya Nandi ilikuwa nyeusi kwa mvua, na maji ya huko hushuka kwetu usiku. Cherehani yangu hulala dukani. Leo nimeibeba kichwani mpaka nyumbani.

"Unaipeleka wapi?" Okelo akaniuliza nilipokuwa nikitoka.

"Inataka mafuta," nikamjibu.

Hapa halijaanguka hata tone. Muda wa kurudi kumwambia ninao.

Sirudi.