Nne za Zuhura

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi mawingu mepesi, hakuna upepo. Joto limewahi.

Ofisini saa moja na dakika kumi. Madirisha, maji ya kunywa, daftari la mahudhurio. Watoto thelathini na mmoja, wote wapo.

Ripoti za robo ya kwanza zimetoka. Nimechapa zote kabla ya saa nne. Wino wa printa unakaribia kwisha, na mwingine haufiki Kilwa Masoko hadi Alhamisi. Nimechapa upande wa mbele tu. Nyuma ni maelezo ya alama, yale yale ya mwaka jana.

Ya Zuhura nimeisoma mara mbili. Nne, nne, tatu, nne, nne. Mbili iko moja, kwenye kusikiliza wenzake. Nimefurahi mno. Mtoto wa kaka yangu, miaka kumi, Agosti alikuja kwangu na Kiingereza cha kuombea maji. Leo anasoma masomo ya Kimarekani na watoto wa mainjinia wa gesi, na hawamwachi nyuma.

Bahasha nimeituma Kikole, kijijini kwetu, kwa gari la mchana. Ndani ripoti na fomu ya kuendelea. Kaka Athumani aitie sahihi, irudi Jumatatu ijayo. Nafasi ya mtoto wa mfanyakazi ni moja, na kuna anayeisubiri. Kaka alikubali robo moja tu, kwa majaribio. Alisema akifeli atarudi kuokota korosho, angoje shule ya kijiji Januari.

Hana cha kuhofia.

Jumanne, 22 Oktoba

Mawingu. Manyunyu saa kumi na mbili, yakakata.

Nimepeleka chaki darasa la nne. Bi Hanna alikuwa anafundisha. Ndiye mkuu wa shule, Mmarekani, miaka hamsini na kitu, na bado anashika darasa. Amekosea kugawanya ubaoni. Zuhura akanyoosha kidole, akasema hapo si sawa. Mimi bado mlangoni, chaki mkononi.

Bi Hanna ameangalia, akasema asante. Kisha akaandika kosa lake kwenye karatasi, akatia jina lake, akalibandika ukutani pamoja na makosa ya watoto. Wana ukuta mzima wa makosa. Wanauheshimu kama wengine wanavyoheshimu vikombe vya michezo.

Sisi tulichapwa kwa kuuliza swali, sembuse kumsahihisha mwalimu. Nimerudi ofisini, nimekaa dakika tano bila kufanya kitu. Si kawaida yangu.

Jumatano, 23 Oktoba

Jua kali tangu asubuhi.

Kaka amemchukua Zuhura.

Nilikuwa posta. Nimerudi saa nane, mlinzi akaniambia baba yake amekuja, amesema wanakwenda nyumbani. Mlinzi hana kosa. Jina la kaka lipo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Orodha niliiandika mimi.

Ameacha ujumbe. Mlinzi ameurudia neno kwa neno, macho yake chini: "Mwambie Rukia, foo naijua mimi, sihitaji mkalimani."

Nimepiga simu mara tisa. Haipatikani. Nyumbani nimekuta sanduku la nguo limekwenda. Mswaki kausahau.

Sijaelewa. Foo gani?

Jumamosi naingia Kikole. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua fupi alfajiri, ikaacha matope getini.

Wino umefika. Nimetoa faili la Zuhura kuangalia kilichomuudhi kaka. Nimeiona ripoti kama anavyoiona yeye, karatasi moja, nyuma nyeupe. Nne, nne, tatu, nne, nne. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nne ndiyo ya juu kabisa na moja ndiyo ya chini.

Kwetu, kwenye matokeo ya mtihani wa taifa, nne ni divisheni foo. Hata mtoto anajua. Wani ndiyo ushindi, foo ni kushika mkia, baada yake ziro. Miaka miwili hapa nimezoea hesabu yao hadi nimesahau yetu.

Na kaka zaidi ya wote. Kidato cha nne alipata foo. Matokeo yalibandikwa ubaoni, akayasoma mbele ya kijiji kizima. Cheti hakwenda kukichukua. Nami, dada yake, nimemtumia bahasha yenye foo nyingi za mwanawe.

Nimekwenda kwa Bi Hanna, nimemwambia yote, kuanzia wino. Nilitarajia barua ya onyo. Amesema ripoti zote alizipitia yeye kabla hazijatoka, na hakugeuza hata moja. Akaniuliza tubadilishe nini ili lisijirudie. Nikasema alama ziandikwe kwa maneno, kwa Kiswahili, upande wa mbele. Akaandika. Kosa langu na lake yapo ukutani sasa, majina mawili, karatasi moja.

Amesema Jumamosi tunakwenda wote.

Ijumaa, 25 Oktoba

Jua. Joto la kukera.

Baada ya swala ya Ijumaa mama yetu, aliyeko Kikole, amepokea simu yangu. Zuhura yuko shambani, anaokota korosho. Amemwambia baba yake kwamba nne ni nzuri. Kaka hakuamini. Amesema shule ya Wamarekani imemfundisha mwanawe kusema uongo bila kupepesa macho.

Mtoto hajala tangu jana.

Nimelia chooni ofisini. Nimenawa, nimeendelea na barua.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Tumetoka Masoko saa moja kwa gari la shule. Kikole saa tatu. Mama ametandika mkeka barazani. Bi Hanna amempa mama shikamoo, vizuri kabisa. Akamgeukia kaka, aliye mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi, akampa naye shikamoo. Kaka kaduwaa, akajibu "Marahaba". Mama akasema, "Athumani, unaamkiwa na mama aliyekuzidi umri sasa?" Hata kaka ametabasamu kidogo. Kisha akakunja uso tena.

Zuhura amekuja kutoka shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa korosho. Hakunitazama.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi. Bi Hanna amenizuia. Shuleni kwao kikao cha ripoti huendeshwa na mtoto mwenyewe. Wazazi na mwalimu hukaa.

"Mtoto aendeshe kikao," kaka akasema. "Na sisi watu wazima tufanye nini?"

"Tusikilize," Bi Hanna akasema. Kiswahili chake kina mapengo, lakini hilo lilitoka sawa.

Niliogopa. Kwetu mtoto hasimami mbele ya baba yake akahutubia. Zuhura amenawa mikono, amesimama, ameshika jalada la kazi zake tulilolileta.

"Baba, karibu kwenye kikao changu. Naanza na kibaya. Hapa nimepata mbili. Ninaongea kabla mwenzangu hajamaliza."

"Hilo nalo mpaka waje na gari kutuambia?" mama akasema.

Kisha ameonyesha maelezo ya alama, ile nakala ya Kiingereza niliyoichapa wino ulipofika; ya Kiswahili bado. Kaka ameichukua, akaisoma mwenyewe kwa kidole, Kiingereza chake cha zamani. Hakuomba msaada. Muda mrefu.

"Nne ndiyo juu?"

"Ndiyo juu, baba. Nilikwambia."

"Na moja?"

"Moja bado kabisa."

Kaka ametazama uani. "Basi mimi nilizaliwa nchi siyo. Marekani ningebebwa juu juu."

Mama amecheka hadi kashika nguzo. Mimi pia. Zuhura hakucheka. Wala kaka hakulainika. Amesema karatasi huandikwa chochote, na dada yake anafanya kazi hapo hapo, atajuaje kama hatumbembelezi.

Zuhura akafungua jalada, akatoa kazi yake ya sayansi. Alitia mbegu za korosho kwenye ndoo ya maji. Zilizozama akazipanda upande mmoja, zilizoelea upande mwingine, akahesabu zilizoota; za kuzama ndizo zilizoota zaidi. Michoro ameipaka rangi.

"Hilo hata babu yako alilijua," kaka akasema.

"Najua. Nimeandika." Akaonyesha chini ya ukurasa wa mwisho. Pamechapwa kwa Kiingereza: chanzo cha habari, Athumani Selemani, mkulima, Kikole.

Kaka kaisogeza karatasi karibu na macho.

"Nani kakutuma uniandike?"

"Ndiyo sheria, baba. Ukichukua elimu ya mtu unataja jina lake. Usipotaja, umeiba."

Kuku alipita juu ya mkeka na hakuna aliyemfukuza. Kaka amesoma ule mstari tena na tena. Mstari mmoja tu, usingeweza kumchukua muda wote ule.

Kisha amemwambia Zuhura, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Nilikuita mwongo. Nisamehe, mama."

Hapo ndipo Zuhura alipolia.

Fomu kaka alikuwa nayo mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Ameomba kalamu, ameingia nayo ndani, akarudi nayo imejazwa. Mama ametupakulia wali na kunde na samaki. Zuhura amekula sahani mbili. Bi Hanna ameomba aelezwe jinsi ya kuchagua mbegu, na kaka amemweleza kwa saa nzima, akimpeleka mti kwa mti. Bi Hanna alikuwa anaandika. Kabla ya kupanda gari amemuuliza jina lake linaandikwaje kwa ukamilifu.

Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi. Sijaona mfano wake. Wala mfano wa yule mtoto.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua ya kweli alfajiri, kisha kimya.

Nimefua nguo za Zuhura. Vidole bado vyeusi. Amesema kesho atawaeleza wenzake kwamba ule ni utomvu, si uchafu. Nikamwambia asubiri wenzake wamalize kuongea kwanza.

Mchana nimetoa fomu kuiandaa kwa faili. Sahihi ipo, tarehe ipo. Juu kuna mstari wa elimu ya mzazi. Wengi huuacha wazi, nami nilidhani kaka angeuacha. Ameandika: Kidato cha 4, Divisheni 4. Nne zote mbili kaziandika kubwa, kalamu imekandamizwa hadi imetokea upande wa pili.

Nimeitia kwenye faili.

Zuhura kalala saa mbili. Mimi saa tatu na dakika ishirini.