Damu ya Bibi Harusi

Jumamosi jioni, Kitaji. Upepo wa ziwa umetulia tangu saa tisa, na mawingu yamekaa upande wa kisiwa cha Rukuba bila kushusha hata tone. Nimechoka, lakini ni uchovu mwepesi.

Wiki nzima nilikuwa Bunda kikazi. Leo nilipanda pikipiki nikaenda kwa mama, kijijini karibu na Butiama, kumwangalia ng'ombe wake ambaye tangu azae mara ya mwisho hajaonyesha dalili ya kutaka dume. Kwa watu mimi ni daktari wa mifugo. Kwa mama ni binti aliyekuja na sindano.

Nilipokuwa navuta dawa, akauliza, "Hii dawa ya kuamsha mayai wanaitoaga wapi?"

"Kwenye damu ya farasi mwenye mimba, mama."

Akakaza kamba ya ng'ombe. "Farasi? Wewe umeona?"

Nimeona. Nimeitengeneza kwa mikono hii.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni tulikuwa na farasi jike mmoja, usoni ana weupe kama shela. Dada Neema, fundi wa maabara, alimwita Bibi Harusi. Mimba yake ilipofika miezi miwili, homoni ile ya kuamsha mayai ilikuwa imejaa kwenye damu. Neema alimshika shingo akimbembeleza, mimi natoa damu kwenye mshipa. Tuliiacha igande, tukachukua maji yake ya manjano, tukatia asidi tone kwa tone mpaka uchafu ukajitenga kama maziwa yaliyokatika. Tukachuja. Kisha tukaongeza alkoholi baridi, na homoni ikazama chini, nyeupe, kidogo kama unga uliobaki kwenye ungo.

Nakumbuka harufu ya nyasi na asidi, na Neema akiimba nyimbo za kwaya huku anaosha chupa. Nilikuwaga na furaha, na sikujua kwamba ndiyo furaha yenyewe.

Sasa niandike nisichowahi kuandika.

Siku moja Neema alikwenda hospitali, akaniachia kazi yote. Asidi ilitakiwa kutiwa chombo kikiwa kwenye barafu. Mimi nilikuwa na njaa. Nilitia haraka bila barafu, nikazidisha, nikatoka kwenda kula.

Homoni iliharibika. Tulijua tulipoijaribu kwa panya wachanga wa kike: vifuko vyao vya mayai havikukua hata kidogo. Mwalimu wetu akasema chupa hazikuoshwa vizuri. Mwosha chupa alikuwa Neema.

Alisimama pale, mikono imelowa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Sikusema neno.

Ikabidi damu itolewe tena kabla ya wakati. Bibi Harusi aliegemea uzio, miguu inatetemeka, na Neema akakaa naye mpaka alipokubali kula. Baadaye alizaa salama. Mimi nikahitimu, nikapongezwa kwa kazi nzuri.

Haya yote nilimweleza mama leo, naye alisikiliza akiwa ameshika kamba ya ng'ombe.

"Ulimwambia huyo dada?"

"Hapana."

"Mpigie. Ng'ombe atasubiri."

Namba ninayo miaka yote. Huwa namtumia salamu za Krismasi tu. Nilisogea nyuma ya zizi, nikampigia, nikamweleza bila kupamba.

"Nilijua siku ile ile," Neema akasema. "Barafu niliikuta haijaguswa."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema mwenyewe kesho yake. Nikangoja kesho nyingine. Halafu ukahitimu."

Nilimwomba msamaha. Akaniambia alishanisamehe, ila jambo lile lilimuuma muda mrefu. Alilisema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipolia. Kisha akauliza kama huku kwetu kuna farasi. Nikamwambia hakuna, kuna ng'ombe na samaki tu. Akacheka kile kicheko chake cha maabara, na kwa muda kidogo nilikuwa tena na miaka ishirini na minne, nimevaa koti jeupe lenye madoa.

"Usinipigie tena kuomba msamaha," alisema. "Nipigie kunisalimia."

Nilirudi nikamchoma ng'ombe sindano. Mama aliniangalia usoni, akaenda kuinjika chai.

Kesho nikitoka kanisani nitampigia Neema. Sina la kumwomba.