Vigelegele mbele ya picha

Thérèse, mbele uende kwa sherehe ya zawadi ya mutoto wako Rigobert, soma hii. Nasikia haya mpaka nataka kufa!!

Leo ile collège, kile kikundi cha wanafunzi bora pale université, walikuwa wanapatia mutoto wangu Abigaël zawadi.

Bon, tunaingia, naona picha kubwa ya kijana anacheka, maua pande zote. Watu wote wanasimama, kimya kabisa. Nikasema, masikini, huyu wa kwanza kupewa zawadi hana mama wa kumushangilia.

Nikamupigia vigelegele. Kwa nguvu, Thérèse! Na pagne, kile kitenge changu, nikapeperusha!

Abigaël akanivuta: « Maman, nyamaza! Alikufaka mwezi uliopita! »

Alikufa! Na hakuna hata mumoja analia! Kwetu Zaïre matanga inasikika mpaka avenue ingine. Hapa kwa wazungu ukiona kimya, uulize kwanza.

Kisha mama ya ule kijana wa picha akakuja, macho mekundu. « Madame, ulimujua mutoto wangu? »

Sababu ya haya nikajibu ndiyo. Ndiyo, Thérèse!! Akanikumbatia, akalia. Dimanche, kisha misa, ananingojea nyumbani kwake Etterbeek, nimusimulie habari za mutoto.

Ndani ya tram Abigaël hakukaa karibu yangu. Alisema tu: « Utaenda, maman. Na utamwambia ukweli. »