Mayi Yenye Nilisinya

Yaya Kavira,

Jana asubui tulipanda mupaka ku source, kule mayi inatokea, sisi majirani bote ba quartier, na yenye niliona kule haijaingia mu kichwa yangu mupaka sasa. Ile tuyau ya kuleta mayi ku tank yetu, baliikata. Baliigeuza ku nyumba ya président wa comité ya mayi, na ku nyumba ya ule commandant rafiki yake. Na tank yetu? Banaijaza na kamuto kenye kanashuka kutoka ku camp ya basoda, na buchafu ya baaskari bote ndani!

Hii mayi njo yenye ulikunywa, Yaya, dada yangu mukubwa. Njo yenye ilikuua. Siku tatu tu za kuhara, basi, haukukuwa tena.

Na miye, mudogo wako, secrétaire wa ile comité, kila mwezi nilikuwa nasinya karatasi: mayi iko safi. Président ananipa kalamu, miye nasinya. Sikupanda kule hata mara moja. Mwendo ya nusu saa tu.

Unakumbuka mukutano ya paroisse, pale ku kanisa, wakati batu ba Eringeti balikimbilia huku Butembo juu ya vita? Ulisimama, umebeba mutoto wao mumoja ku mugongo, ukasema: «Comité haiwezi kujichunga yenyewe. Tuchague batu bengine ba kuichunga, benye hapana bandugu ya président, benye habamuogope.» Batu bakacheka. Na miye nikakuambia: «Yaya, ikala, unatupatisha haya.» Ukaikala.

Jana hiyo hiyo, mu mukutano ya quartier, président akiwa pale, nilisema mbele ya bote: miye njo nilisinya. Nilizani batanipiga. Mais hapana, balianza kutaja batu babo benye balikufa, na ile ilinichoma zaidi. Président akaanza kututisha na jina ya commandant. Hakuna mutu alitoka. Bakanitosha, bakanifukuza ku comité, na ni haki. Kisha bakachagua bacontrôleur batatu ba kuchunga comité, sawa vile ulisema. Mumoja ni Papa Idi, ule muislamu dereva wa magari, hakuna mukubwa wa huku anaweza kumuamuru. Bakataja na Masika, mutoto yako. Akakataa: «Mujomba yangu alikuwa ku comité. Mutafute mutu mwingine.»

Yaya, ile ni maneno yako. Ana miaka kumi na tisa!

Leo batu balipanda tena, bakarudisha tuyau pa fasi yake. Masika alinipa kikombe ya mayi. Ilikuwa baridi, safi. Nilimurudishia kikombe, sijakunywa.

Kesho Papa Idi atanibeba ku gari yake mupaka Beni, napeleka rapport, maandiko ya hii mambo yote, ku bureau ya bakubwa ba serikali. Barabara unaijua, saa zingine batu habafike juu ya vita. Bote benye balikufa na kuhara tumebaandika, jina yako iko ya kwanza. Nakuahidi: nitabasomea bale bakubwa majina yote kwa sauti, moja moja, hata bakinikatalia kuingia nitabasomea ku mulango.

Lala muzuri, Yaya. Siombi unisamehe leo.

Mudogo wako,
Muhindo